Wamepunguza michezo, watu hawajapunguza! Nimepigwa laki mbili na nusu Idi Pili kwa kisingizio cha corona

Wakuu salaam, Idi Mubarak ya kuchelewa kwa wanaohusika. Nimekaa zaidi ya wiki natafuta namna ya kuandika hii bila matusi nimeshindwa, kwahiyo mods mkiona neno baya lifuteni ila uzi acheni. Jina la sehemu sitaji, sina hela ya wakili na hata hiyo niliyokuwa nayo wameshanimalizia, ila ni paki ya michezo ya maji hapahapa Dar na aliyekuwepo siku ile ataijua tu.

Kabla hamjanirukia niweke wazi, mimi siyo wale wa "corona hakuna". Februari mwaka huu wa 2021 nimemzika mjomba, kwenye msiba tukaambiwa changamoto ya upumuaji, sisi tuliomuuguza tunajua alivyokuwa anaitafuta pumzi. Nyungu nimejifukiza mpaka nikababuka uso. Rais kachanja juzi tarehe 28 Julai pale Ikulu mbele ya kamera na mimi nasubiri zamu yangu wala sina mjadala na mtu. Masharti nayataka. Ninachokataa ni sharti linalomshika mteja mfukoni halafu kirusi kinapita getini bure, hata kiingilio hakilipi.

Sasa sikieni. Watoto wangu tangu shule zifungwe ile Machi 2020 mpaka zikafunguliwa mwisho wa Juni, na baada ya hapo maisha ya kubanabana, hawajatoka kwenda popote pa maana. Niliwaahidi Idi ya mwaka jana, nikaahirisha. Idi el Fitri hii nikaahirisha tena, mfuko ulikuwa umekauka. Wa kwanza ana miaka 11, yule kashaanza kunitazama kama wanasiasa wanavyotazamwa. Nikasema Idi Kubwa hata nikope. Nikapiga simu siku mbili kabla, akapokea dada mwenye sauti ya asali, mkubwa elfu 15 mtoto elfu 10 chini ya miaka minne bure, michezo yote ipo kaka karibuni sana tunazingatia miongozo yote ya corona. Nikamuuliza chakula cha nyumbani, akasema mnaruhusiwa. Hiyo simu naikumbuka neno kwa neno.

Msafara ukawa mimi, mama watoto, shemeji yangu, watoto wangu watatu na wawili wa dada, jumla wanane. Tukakodi Noah elfu 60 kutoka Tabata. Mama watoto kaamka saa kumi usiku kapika pilau la kuku hotpoti mbili kubwa, kachumbari pembeni, juisi ya ukwaju dumu la lita tano, yani gari zima linanukia Idi.

Getini kuna kijana kashika kile kibunduki cha kupimia joto. Mimi 34, mama watoto 34, mtoto 33 nukta ngapi sijui, foleni nzima ya watu 34. Nikamwambia mdogo wangu mtu wa joto 34 hatakiwi kuja kuogelea anatakiwa kukimbizwa hospitali, akanijibu "pita mzee, watu wengi". Pembeni ndoo ya maji tiririka, nafungua koki, hewa tupu. Chupa ya sanitaiza ipo, ndani kuna maji na harufu kwa mbali.

Halafu ndo maigizo yakaanza rasmi. Sote tulikuwa na barakoa zetu za kitambaa, safi, shemeji anashona mwenyewe. Wakazikataa, wanataka zile za bluu za hospitali, na kwa bahati nzuri sana wanaziuza palepale buku mbili moja! Mtaani ni jero. Nane, elfu 16. Mpaka yule wa miaka mitatu kanunuliwa, wakati WHO na UNICEF walishasema mtoto chini ya miaka mitano asilazimishwe barakoa. Na sasa hebu fikirini kidogo, hii ni sehemu ya kuogelea, unaingia kwenye maji na barakoa ili iweje? Ikilowa inakuziba pumzi. Tulizivaa hatua labda thelathini kutoka getini mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, hapo kuna pipa limefurika barakoa za bluu mpya kabisa. Buku mbili kwa hatua thelathini, hata bajaji haina bei hiyo.

Mtoto wa miaka mitatu ambaye kwenye simu alikuwa bure sasa analipa elfu 10, sababu eti kipindi hiki cha corona kila kichwa kinahesabiwa. Nikamuuliza kwahiyo mkifikisha vichwa vingapi mnafunga geti? Kijana akanitolea macho kama nimemtungia swali la mtihani wa Necta. Hakuna idadi. Wanahesabu vichwa kwa ajili ya droo la hela basi.

Na pilau. Pilau wakuu. "Vyakula vya nje haviruhusiwi sababu ya corona." Nikamwambia mbona kwenye simu mlisema ruksa, "hiyo ni zamani mzee". Zamani ya juzi! Sasa pilau la mke wangu lililopikwa kwenye sufuria ya kwangu na litaliwa na familia yangu lina corona, ila chipsi zilizofungwa na kijana asiye na barakoa wala glavu anayepokea noti kwa mkono uleule hazina. Hotpoti zikabaki kwa walinzi. Ndani sahani ya chipsi kuku elfu 12, nikanunua tano tukagawana. Maji madogo yale ya jero ni buku mbili, nane hizo. Na kabati mbili za kuhifadhia nguo elfu 3 kila moja.

Ndani sasa. Aisee. Vyumba vya kubadilishia vipo viwili kila upande, kimoja kimefungwa na karatasi "TAHADHARI COVID-19". Kwahiyo watu wote wamesukumwa kwenye kimoja kilichobaki!! Mama watoto anasema kule kwa wanawake walikuwa wamebanana mpaka mtu akiinama kuvaa anampiga mwenzake kichwa. Nieleze mtu mwenye akili timamu, ugonjwa wa kukaa mbalimbali unafungaje nusu ya vyumba? Hata daladala mwaka jana zilipoambiwa levo siti waliotolewa ni waliosimama, hakuna aliyeng'oa viti akawaacha abiria.

Yale mabomba makubwa mawili ya kuteleza, ambayo ndo watoto wamekuwa wakiyachora kwenye madaftari tangu Ramadhani, yamefungwa utepe. "Corona." Bwawa la mawimbi limefungwa. "Corona." Vigari vya kugongana, corona. Kilichobaki ni bwawa moja kubwa, la watoto moja, na vile vibomba vifupi ambavyo mtu wa miaka 11 akikaa miguu imeshafika chini. Na umati wote wa Idi Pili wa Dar es Salaam umo humo! Maji huyaoni unaona vichwa. Ndo maana nasema wamepunguza michezo watu hawajapunguza. Corona haipatikani kwenye maji ya bwawa yenye klorini ya kutosha, hilo limesemwa tangu mwaka jana, inapatikana kwa kupumuliana usoni, na wao walitupanga tupumuliane kwa ratiba.

Tena tuache corona kidogo. Nchi hii polisi kila sikukuu wanatangaza marufuku ya disko toto, na kila mzazi anajua kwanini, Tabora Idi ya mwaka 2008 watoto walijazwa ukumbini wakakosa hewa wakafa. Sasa pale bwawani niliona mwokoaji mmoja. Mmoja, na filimbi yake, na simu yake.

Hapa ndo nilipochoka kabisa. Nimezunguka nyuma ya lile bomba kubwa natafuta kivuli nimkaushe mdogo, nikamkuta mzee mmoja fundi kakaa na spana anakula muhogo. Nikamsalimia, shikamoo mzee wangu, hii mitambo mnaifungua lini, corona ikiisha? Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Corona gani mwanangu, mota ya pampu iliungua Mei, nasubiri nyingine mpaka leo." Mei! Yani utepe wa corona umefungwa juu ya mota iliyoungua na mimi nimelipa kiingilio kizima. Mzee wa watu sitamweleza zaidi nisije nikamharibia kibarua.

Tumeingia saa tano na dakika ishirini, nusu saa nzima imeishia foleni ya kubadili nguo. Saa nane kamili filimbi. Wenye mkanda wa kijani wote tokeni, muda wenu umekwisha, tunaenda kwa zamu "kupunguza msongamano". Hakuna aliyetuambia getini, mikononi tumefungwa tu mkanda tukadhani ni urembo. Nikasema sawa, zamu ni wazo zuri, labda wanatoa watu wasafishe kisha waingize wengine. Thubutu! Wa mkanda mwekundu walikuwa wameshaingia tayari, tumepishana nao mlango mmoja bega kwa bega. Halafu akapita kijana na kitabu, "anayetaka kuendelea aongeze elfu tano kila kichwa". Mnaelewa hapo? Ukibaki bure wewe ni hatari kwa afya ya umma, ukitoa buku tano umepona. Kuna familia zililipa nikaziona zinarudi majini. Mimi nilikuwa sina, na mtoto wa dada analia anashika nguzo.

Nikamtafuta supavaiza. Akaja na fulana imeandikwa nyuma "Usalama wako kwanza". Nikaomba hata nusu ya hela kwa michezo ambayo haikuwepo, akasema hela ikishalipwa hairudi na "corona ni janga la dunia bosi, hata Disney walifunga". Sasa hilo ndo limenifanya nisilale, nikachimba, na binamu yangu yuko Orlando nikampigia.

Ni kweli walifunga. Walt Disney World, paki yao ya michezo kule Florida Marekani, ilifungwa Machi 2020 ikaanza kufunguliwa Julai 11. Lakini ilivyofunguliwa, binamu anasema ilikuwa huingii bila kuweka nafasi ya siku yako kwenye mtandao, siku ikijaa imejaa hata kama tiketi unayo mkononi. Barakoa kuanzia miaka miwili, ila na wao wakafuta fataki na maandamano yale ya vikaragosi kwasababu ndo yanayokusanya watu. Novemba mwaka jana walikuwa wanaingiza asilimia 35 tu ya uwezo wa paki. Disneyland, ile paki yao ya California, ndo kabisa, imefungwa Machi 14 2020 mpaka Aprili 30 mwaka huu, na Januari wakaufuta mpango mzima wa pasi za mwaka na kurudishia watu hela zao. Na wale siyo malaika, Septemba mwaka jana wametangaza kuondoa wafanyakazi 28,000, maumivu yapo kwao pia. Wajapani mwaka jana walitoa mwongozo mpaka wa kutopiga kelele kwenye rola kosta, vile vitreni vya kupanda na kushuka kwa kasi, sababu mate yanaruka, paki ya Fuji-Q Highland ikatoa video mabosi wawili na suti na barakoa wamepanda ule mtambo kimyaa kama wako msibani, mwisho inaandikwa piga kelele ndani ya moyo wako. Nilicheka peke yangu usiku. Ila ona, sharti limegusa pale ugonjwa unapopita. Huyu wa kwetu kachukua jina Disney kachukua kufunga, kuweka kikomo cha watu na kurudisha hela kaviacha hukohuko.

Tulivyotoka tukaenda kuchukua hotpoti zetu kwa walinzi. Moja imerudi nyepesi. Mama watoto kafungua, kuku wote hawapo, kumebaki wali na viazi viwili. Lile pilau lenye corona!! Mke wangu hakusema neno mpaka tumefika Tabata na nyie mnaojua ndoa mnajua hicho kimya ni cha aina gani.

Hesabu yangu, viingilio 95, barakoa 16, kabati 6, chipsi 60, maji 16, Noah 60. Laki mbili na elfu hamsini na tatu. Risiti ya mashine ya EFD niliambiwa mtandao uko chini, nikapewa karatasi ya mkono imeandikwa watoto wanne wakati nililipia watano.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Aliyeuliza kwanini nisingewapeleka Coco Beach bure, mkuu ungeniambia Ramadhani. Aliyesema nina roho mbaya biashara zimeyumba watu waendeleze ajira, hizo ajira mbona hazikuonekana pale kwenye bwawa, mwokoaji mmoja? Na wewe unayesema nilipe nikae kimya kwani kuogelea siyo haki ya msingi, sawa, ila mota nayo siyo mgonjwa wa corona.

Jumatatu naenda na karatasi yangu ya mkono kudai, kwao kwanza, wakinizungusha nasogea Tume ya Ushindani maana mambo ya mlaji yako kwao. Peke yangu wataniona kichaa. Aliyekuwepo Idi Pili zamu ya asubuhi na bado ana mkanda wa kijani, au alilipa ile elfu tano ya kitabuni, anicheki PM. Wa kwetu nimeukuta mmoja, mwanangu wa kati bado kauvaa, kakataa kuuvua mpaka leo.