Waliofika Shelisheli, tupeane uzoefu hapa (mapicha tumeona ya kutosha)

Habari zenu wadau. Niko Kisumu, chama chetu cha walimu kumi tumechanga tangu mwaka jana na sasa wameamua badala ya kugawana twende Shelisheli Desemba. Waliotaka ufuo wa Diani hapa kwetu Kenya walishindwa kwa kura na bado wamenuna. Kazi ya kuuliza nimeachiwa mimi, na kila nikiuliza mtu ananitumia picha ya mchanga mweupe. Ninachojua ni vya darasani: visiwa 115, watu laki moja na kidogo yaani hata nusu ya Kisumu mjini hawafiki, uhuru walipata Juni 1976, mji mkuu Victoria uko kisiwa cha Mahé, na wageni wakitoka hapo wanaenda sanasana Praslin na La Digue. Sasa nataka ya mtu aliyekanyaga. Nini kilikufurahisha, nini kilikukera?

Mtu wa Section 58, Nakuru
Acha nianze na aibu yangu. Mkenya akiambiwa hakuna visa anasikia kama ni kwenda Kampala. Si hivyo, kuna kibali unaomba kwa mtandao kabla ya safari, wanataka kuona tiketi ya kurudi na mahali utalala, na unalipia. Hiyo nilifanya vizuri. Kilichonimaliza ni kadi ya njano. Ukitoka Kenya lazima uwe umechanjwa homa ya manjano, mimi nikajua ni kudungwa tu na kupewa kadi, nikaenda Jumatatu na ndege ni Jumamosi. Nesi ananijazia kadi naona ameandika tarehe ya wiki inayofuata, nikamwambia sista umekosea. Akaniangalia tu. "Kaka, chanjo inahesabiwa siku kumi." Nilikaa kwa ile benchi nikihesabu vidole kama mtoto wa nasari. Kubadilisha tiketi kulikula pesa za kulala siku mbili. Uzuri siku hizi ukidungwa mara moja ni ya maisha, ile ya kurudia kila miaka kumi iliisha 2016. Na kadi ikae na pasi mkononi, si ndani ya sutikesi.

Jamaa wa Mbita
Mimi feri ya Luanda K'Otieno nimepanda tangu nikiwa mgongoni kwa mama, so nikawaambia wenzangu mawimbi si kitu. Omera! Tulienda Julai, na kuanzia Mei mpaka Oktoba huko ni kusi inavuma, boti ya kutoka Mahé kwenda Praslin ni kama lisaa limoja na dakika kumi za kwanza bado nilikuwa napiga video nikicheka watu. Kijana wa boti akaanza kupita kati ya viti na mifuko ya karatasi mkononi kama konda anarudisha chenji, nikamwambia sihitaji, akaniwekea mmoja kwa paja akaenda zake. Nilitumia huo na wa jirani. Kunywa dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, usingoje kuona.

Lakini La Digue ilinilipa. Ni dakika kama kumi na tano kutoka Praslin, magari ni machache, kila mtu ni baiskeli. Sisi wa huku tumekulia kwa baiskeli kwa hivyo nilikuwa nyumbani, wale wazungu wanasukuma kwa kilima mimi napita. Ule ufuo maarufu unaitwa Anse Source d'Argent, unalipia getini kwa shamba la zamani la minazi, na hapo ndani kuna makobe wakubwa wa Aldabra, ukimnyoshea jani anainua shingo polepole kama mzee anayeitwa akiwa amelala. Halafu mawe. Fikiria Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana karibu na Kisumu, imeangushwa kando ya bahari ikalainishwa. Maji hapo ni ya magoti, mtoto anacheza. Upande wa pili, Grand Anse, kuna mawimbi na mkondo unavuta vibaya wakati wa kusi, mimi mtu wa ziwa nilikaa mchangani na sikuona haya.

Anti wa Kakamega
Mulembe. Nitasema kidogo tu. Praslin kuna msitu unaitwa Vallée de Mai, ukiingia ni giza kama msitu wetu ila ni minazi mitupu, na ndio nyumbani kwa ule mnazi wa coco de mer. Mbegu yake ndio nzito kuliko zote duniani, inafika kilo 25, na umbo lake... mtajionea, mimi nilikuwa na mchungaji wetu na mkewe, hakuna aliyesema kitu mpaka tukatoka nje. Usinunue ya kichochoroni, bila karatasi ya kibali inabaki erpoti.

Aliyerudi Nyahururu Road
Nilifanya kazi hotelini Mahé miaka miwili, so niwaambie ya maisha ya kawaida. Basi zinafika karibu kote na ni bei rahisi, ila sutikesi kubwa haipandi. Siku yangu ya kwanza nilisimama stejini na mzigo nikingoja mtu autupe juu ya keria, dereva akatingisha kichwa akaenda. Kwetu hata mbuzi anapanda! Mkiwa kumi kodisheni gari la kuwachukua erpoti.

Chakula cha hoteli kitawalia chama chote. Tafuteni teikawei, wali na kari ya samaki au pweza, ndio wenyeji wanakula mchana. Ukiona kari ya popo, ndio, ni popo yule yule, ana vifupa vingi. Unga wa ugali bebeni. Ukisalimia "bonzour" kwanza kabla ya kuuliza bei sura inabadilika, wanaongea Krioli, Kiingereza na Kifaransa. Saa yao iko lisaa mbele yetu. Ule mnara wa saa wa Victoria kwa picha unaonekana mrefu, mimi niliuliza uko wapi nikiwa nimeuegemea.

Na mwalimu, Desemba ni kaskazi, mvua ipo. Si ya kuharibu safari lakini msije na nguo nyeupe tupu.

Mswahili wa Nakuru
Mimi sijafika, nadandia tu. Huku bara mnajua Shelisheli ni nchi, kwetu Lamu ni tunda, lile kubwa la kijani mnaloona Wapwani wanakaanga. Wenyewe huko wanasema ukilila lazima utarudi.

Mwenye uzi
Asanteni sana jamani. Nimesomea kikundi ile ya siku kumi na watatu wamekiri walikuwa wangoje mpaka wiki ya safari. Kwa hivyo Jumamosi hii tunaenda kudungwa wote, nauli ya matatu inatoka kwa chama. Mweka hazina ameuliza swali moja tu: huyo popo ni lazima?