Ati ukuta wangu umevimba! Fundi blaindi kaniaibisha mbele ya mama mkwe

Wakuu, nimetoka kulia sasa hivi. Anayetaka kuniambia nipunguze jazba apite mbele.

Yule fundi wa blaindi, haya mapazia ya kujiviringisha kwenye bomba, mnamjua. Simtaji. Yule wa pikipiki na ngazi, anayekuita "bosi" hata siku unayomdai. Nusu ya Chumbageni hapa Tanga ameshailiza, nusu iliyobaki inasubiri zamu.

Dirisha langu la sebuleni ni pana na limeingia ndani ya ukuta kama shubaka. Nilitaka blaindi ikae humohumo, isitokeze nje. Jumatatu alikuja kupima. Akaketi kwenye kizingiti cha dirisha, simu kaibana begani, akavuta futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, imelegea kwa uzee, akapima mara moja tu, pale chini alipokaa. Sentimita 312. Akaandika kiganjani. Kiganjani, wakuu! Nikamuuliza, juu hupimi? "Bosi, dirisha ni dirisha."

Leo kaja nayo. Mama mkwe kafika asubuhi kutoka Muheza na gunia la machungwa, yuko sebuleni anakunywa chai. Blaindi inapandishwa, haiingii. Inageuzwa, haiingii. Fundi kashika huku, kijana wake kule, bomba limebonyea katikati kama kamba iliyoanikwa magodoro. Basi akashuka kwenye ngazi, akapapasa ukuta kama daktari anayepima ini, akamgeukia mama mkwe, wala si mimi niliyelipa, akasema:

"Mama, ukuta umevimba. Mvua hizi."

Ukuta. Umevimba.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Nyumba kajenga mwanawe! Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekuwa nauloweka ukuta usiku. Nyumba ina miaka 9, masika yamepita na vuli zimepita, ije ivimbe kati ya Jumatatu na Alhamisi?

Nikaazima tepu ya chuma kwa jirani. Chini 312. Katikati 310. Juu, inapofungwa blaindi, 308. Sentimita 4 nzima! Nikamwonyesha. Unajua kafanya nini? Kaomba tindo achonge lipu. Achonge nyumba ili blaindi yake ipate nafasi! Hela kashachukua 350,000 na harudishi, ati "imeshakatwa kwa saizi yako." Na anatoka mlangoni bado anamwambia mama mkwe, "Ikikauka itaingia, mama."

Umevimba!!!

Bin_Makorora: Pole dada. Ila umempa 350,000 mtu anayeandika kiganjani? Akinawa je?

Mwenye uzi: Pita.

Mzee_wa_Pimamaji: Shubaka linapimwa juu, katikati na chini, unachukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kwako ni 308, na hapo unapunguza kama sentimita moja pembeni zisikwaruze. Kimo nacho kinapimwa mara tatu, kushoto, kati na kulia. Tena mita tatu kwa bomba moja jembamba ni kutafuta lawama, litapinda na kitambaa kitajikunja. Gawa mbili, zikutane kwenye fremu ya katikati. Na asikudanganye kwamba imeshakatwa. Iliyozidi inapunguzwa, bomba na kitambaa chake. Iliyopungua ndiyo haina dawa.

Mwenye uzi: Asante baba. Kwa hiyo ukuta haujavimba?

Mzee_wa_Pimamaji: Haujavimba, mwanangu.

Mwenye uzi: Naomba uniandikie hivyo hivyo nimsomee mama mkwe.

Mjukuu_wa_Pangani: Nyumba ya babu ni ya mawe na chokaa, hakuna kona iliyonyooka. Fundi akaja na pimamaji, akaitazama, akairudisha mfukoni. Tunatumia kanga mpaka leo.

Kusi_na_Kaskazi: Angalau yako haikufungwa. Mimi niko Raskazone, nilifungiwa kwa skrubu za chuma cha kawaida. Hewa ya bahari haikumaliza mwaka, zimeliwa na kutu, blaindi ikamwangukia mgeni anakula.

Bin_Makorora: Alikuwa anakula nini?

Kusi_na_Kaskazi: Samaki wa nazi. Bakuli zima.

Bin_Makorora: Hapo sasa nimeumia.

Mama_Sahare: Blaindi ina nafuu, haivaliwi. Kuna yule fundi cherehani mnayemjua. Kanipima gauni la Idi mwenyewe, Idi imefika haliingii mabegani, ananiambia nimenenepa tangu mwezi uandame. Mimi niliyefunga siku 30!

Mwenye uzi: Umeona? Ukuta umevimba, wewe umenenepa. Wao hawakosei.

Binti_Ngamiani: Yule mwenye cherehani mbili barazani?

Mama_Sahare: Huyo huyo.

Binti_Ngamiani: Ana shela ya dada yangu tangu Rajabu. Harusi imepita. Kila tukienda anasema "bado vifungo."

Mjukuu_wa_Pangani: Bado vifungo! Na mimi kaniambia hivyo hivyo, kanzu yangu.

Mama_Sahare: Kanzu yako ina tarizi shingoni? Maana nimeona mtu kaivaa juzi Ijumaa.

Mjukuu_wa_Pangani: Mtu gani???

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye ukuta wangu. Mama mkwe analala hapa mpaka Jumapili na anaugonga kila akipita.

Binti_Ngamiani: Dada subiri kidogo. Mama Sahare, hiyo kanzu ilikuwa rangi gani?