Ofisi zinasogea huku kwetu, zitafika Bagamoyo lini?

Mtoto wa Dunda:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi karani wa mahesabu, nakaa Dunda, Bagamoyo, nyumba aliyotuachia marehemu bibi. Nilipoanza kazi ofisi yetu ilikuwa Posta, katikati ya Dar, ghorofa ya tano, lifti mbovu. Natoka saa kumi alfajiri. Baadaye tajiri akatuhamishia Makumbusho, nikashukuru, maana basi la Bagamoyo linaishia palepale. Sasa kuna fununu tunakwenda Tegeta, mbele zaidi kwenye barabara ya kuja Bagamoyo. Je, ofisi zina mwendo wake au ni bahati yangu tu? Mke wangu anataka tuhamie Dar, mimi nasema tungoje, kazi inanifuata yenyewe.

Fundi Ramani:
Si bahati, mkuu. Posta na Kivukoni viwanja vidogo, maegesho hakuna, na foleni ya daraja la Salenda unaijua. Mwenye kampuni yuko Masaki, Mikocheni au Mbezi Beach, na ofisi humfuata yeye, si wewe. Ofisi zilianzia kwenye nyumba za kuishi kule Mikocheni: mlinzi getini, chumba cha wageni anakaa mhasibu. Mlimani City ikafunguliwa 2006, maduka na ofisi kiwanja kimoja. Mbona hazikimbilii Mbagala, na watu wamejaa kule? Wafaransa walipanga: mwaka 1958 waliunda mamlaka ya kujenga La Défense, pembeni mwa Paris, ofisi zirundikane huko mji wa zamani upumue, na treni ikapelekwa. Sisi tunafuata lami.

Bi Kaole:
Mdogo wangu, Bagamoyo tulikuwa na makao makuu ya Wajerumani. Mwaka 1891 wakayahamishia Dar, kwenye bandari nzuri. Kwetu maji mafupi, meli kubwa zinatia nanga mbali. Leo wizara nazo zimefungasha kwenda Dodoma. Ofisi huhama mkubwa akitaka. Usimkalishe mtoto wa watu kwa kungoja. Pangeni Bunju, katikati ya Tegeta na Bagamoyo, na kaburi la bibi utalizuru kila Ijumaa.

Mtoto wa Dunda:
Bunju wanataka kodi ya miezi sita, dada! Ila Jumamosi nitampeleka akapaone.

Fundi Ramani:
Kabla hujalipa, tajiri wako anakaa wapi?

Mtoto wa Dunda:
Mbezi Beach. Ila anajenga Mapinga, huku kwetu Bagamoyo, juzi nimepeleka hundi ya nondo.

Fundi Ramani:
Kaa Dunda.