Naomba ushauri: kalvati imechimba mto, samaki aina ya ningu hawapandi tena

Wakuu, habari za saa hizi. Kijijini kwetu kuna kijito kinachoingia Ziwa Victoria, na mkandarasi alijenga kalvati juu yake. Barabara sasa inapitika hata masika, kwa hilo nashukuru. Shida iko upande wa chini. Maji yanabanwa kwenye matundu mawili, yanatoka kwa kasi, tena hayana mchanga kwa kuwa umekwama upande wa juu, basi yanakula sakafu ya mto. Shimo linafika kiunoni, ukingo wa shamba la mama unamomonyoka, na mdomo wa zege umebaki ukining'inia.

Ningu, ambao mvua zikianza hupanda mto kutaga, wanarukaruka pale chini na kushindwa. Vijana wanawazoa kwa vyandarua. Na ningu wenyewe walishapungua!

Fundi mmoja anashauri ukuta wa gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe). Si utahamishia shimo mbele tu? Mimi nafikiria mawe makubwa yapangwe kwa mteremko mdogo, yenye vidimbwi vya samaki kupumzikia. Aliyewahi kufanya hivyo, alitumia mawe ya ukubwa gani? Na kibali naanzia bodi ya maji ya bonde au halmashauri?