Spika za mlango: koaksio, komponenti, au nirudishe za kiwandani?

Kijana_wa_Gia
Wakuu, habari zenu. Spika za milango ya mbele ya gari langu zimechoka. Ule ukingo wa sponji unaozunguka koni (ile sehemu inayotetemeka na kutoa sauti) umekatika, besi ikiingia inakwaruza. Redio ni ya kiwandani na kwa sasa siitoi, amplifaya sina. Njia ziko tatu: spika mpya za kiwandani kama hizi nilizonazo, koaksio za inchi 6.5 (twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, imo katikati ya koni), au komponenti ambazo twita inakaa kivyake. Kila boksi ninaloshika limeandikwa wati 300. Nichague kwa kigezo gani?

Fundi_Waya
Mkuu, hizo wati 300 ziweke kando. Hiyo ni nguvu ya kilele, kiasi ambacho spika inavumilia kwa kufumba na kufumbua tu. Namba ya kweli ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inabeba mfululizo. Redio ya kiwandani isiyo na amplifaya hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika, kwa sababu umeme wa volti 12 hauiruhusu kwenda mbali kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme).

Kwa nguvu ndogo kama hiyo, tazama sensitiviti: sauti inayotoka ukiipa spika wati 1 na kuipima umbali wa mita 1. Hupimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika ya desibeli 92 na ya desibeli 89 zinaonekana kukaribiana, lakini ya 89 inataka nguvu mara mbili ndipo zilingane. Hapo ndipo wengi wanaumia. Wanatoa spika ya kiwandani yenye koni nyepesi ya karatasi, wanafunga nzito ya bei kubwa, na sauti inashuka.

Soma pia imepimwaje. Kampuni nyingine hupima kwa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya omu 4 ni wati 2, si 1. Punguza desibeli 3 kabla ya kulinganisha. Kwa redio yako mimi nachukua koaksio yenye desibeli 90 na zaidi.

Nyuzi_Sita
Kwenye sensitiviti niko nawe, lakini komponenti msiitupe haraka. Spika ya mlangoni iko chini, usawa wa miguu. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari, hivyo magoti na kiti vinaikata kabla haijafika sikioni, na mwimbaji anasikika kama yuko sakafuni. Twita ikikaa pembeni ya kioo cha kutazamia nyuma au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, mwimbaji anapanda mpaka juu ya dashibodi. Anayependa kusikiliza sauti za watu kuliko besi atauona utofauti siku hiyo hiyo.

Fundi_Waya
Kweli kabisa. Shida ni kwamba seti nyingi za komponenti zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye amplifaya, na kuna krosova (kifaa kinachogawa sauti nyembamba kwa twita na nzito kwa spika kubwa) ya kutafutia nafasi ndani ya mlango. Kijana, angalia kwanza kama gari lako lina twita za kiwandani juu. Kama zipo na ukafunga koaksio, utakuwa na twita mbili kila upande na sauti itachoma masikio. Hapo komponenti ndiyo jibu, tena nafasi ya twita unayo tayari.

Mama_Dashbodi
Jamani, mnazungumzia spika na mlango mmeusahau! Mlango ndio boksi la spika. Bati la ndani lina matundu makubwa, na sauti inayotoka nyuma ya koni inapita humo, inakutana na ya mbele na zinauana. Besi inapotea hata kama spika ni nzuri kiasi gani. Ziba matundu, bandika shuka za butili (mpira mzito unaonata) kwenye bati la nje lisitetemeke, kisha funga spika kwenye ringi ngumu yenye sponji ili pasivuje hewa. Matundu ya maji chini ya mlango usiyaguse, na lile plastiki la kuzuia mvua lirudishe. Kati ya koaksio za kawaida kwenye mlango uliozibwa na komponenti ghali kwenye mlango mtupu, mimi nachagua za kwanza bila kusita.

Za kiwandani zinamfaa anayetaka gari libaki lilivyokuwa. Hazihitaji ringi wala adapta.

Kijana_wa_Gia
Nimefungua paneli ya mlango. Twita juu hakuna, na spika ya zamani imeandikwa omu 4. Naelekea kwenye koaksio na butili. Ila soketi ya waya haifanani. Nikate?

Fundi_Waya
Usikate. Tafuta adapta ya soketi ya gari lako, siku ukiuza unarudisha kila kitu. Umefanya vizuri kusoma omu, maana magari yenye amplifaya ya kiwandani mara nyingi hutumia spika za omu 2 au pungufu, na ukiweka ya 4 sauti inapungua. Kabla ya kufunga hakikisha chanya na hasi: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 mara moja kwenye waya za spika. Koni ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Upande mmoja ukigeuka, koni moja inatoka wakati nyingine inaingia, na besi inakonda.

Nyuzi_Sita
Na baadaye ukiweka redio yenye kichujio, zuia sauti za chini ya hezi 80 zisiende mlangoni. Spika itapumua na utaweza kupandisha sauti zaidi.

Mama_Dashbodi
Pima kina pia. Sumaku ya spika mpya mara nyingi huwa ndefu kuliko ya zamani, na kioo kinashuka nyuma yake. Ikishafungwa, chomeka swichi ya kioo kabla ya kurudisha paneli, ushushe kioo mpaka mwisho taratibu ukiangalia. Kikigusa, weka ringi nene zaidi. Nunua na klipu za akiba, za zamani huvunjika wakati wa kuvuta paneli.