Dereva wa lori Marekani: apimwe usingizi kwa sheria, au aachiwe daktari?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Humu tumo wengi tunaokula kwa usukani Marekani: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Na malalamiko ni yale yale. Mtu kaenda kupima afya ya leseni, daktari kamzungushia futi shingoni, kampandisha mizani, halafu badala ya kadi ya miaka 2 kampa ya miezi mitatu na barua ya kwenda kupimwa usingizi. Hajawahi kugonga hata kopo.

Kinachotafutwa hapo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo linalegea, njia ya hewa inaziba, mtu anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka akiitafuta pumzi. Kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi unahesabiwa. Ikifika mara 15 kwa saa ugonjwa ni wa wastani, ikifika 30 ni mkali. Mwenyewe hajui lolote, anaamka tu amechoka kuliko alivyolala.

Wengi wanadhani kuna sheria ya kupimwa. Haipo. Kanuni ya afya ya dereva inazungumzia kwa ujumla tu matatizo ya kupumua yanayoweza kumzuia mtu kuendesha kwa usalama. Mwaka 2013 bunge lao lilisema kwamba FMCSA, wanaosimamia usalama wa malori, wakitaka kulazimisha upimaji huu watunge kanuni kwa utaratibu kamili, siyo kuandika mwongozo tu. Machi 2016 wakauanza utaratibu huo pamoja na wenzao wa reli. Madaktari wanaowashauri wakapendekeza mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 40 apimwe, na mwenye 33 apimwe akiwa na dalili nyingine kadhaa kama presha au shingo nene. Kwa mtu wa sentimita 175, hiyo 40 ni kilo 122 na 33 ni kilo 101. Kilo 101 humu ni wengi, tusidanganyane. Agosti 2017 mpango wote ukafutwa.

Mimi nataka sheria iwekwe. Sasa hivi tunahukumiwa bila sheria, kila daktari na kipimo chake. Madereva wanapeana habari kliniki ipi haisumbui, na mgonjwa wa kweli ndiye anayekimbilia huko. Aliyejaza ukweli kwenye fomu kwamba anakoroma ndiye anayesimamishwa.

Na ugonjwa wenyewe unaua. Desemba 2013 huko Bronx, New York, treni iliingia kwenye kona kwa kilomita 132 kwa saa, mahali pa kilomita 48. Watu 4 walikufa. Dereva alikutwa na ugonjwa huu baadaye. Septemba 2016 treni nyingine iliparamia mwisho wa reli stesheni ya Hoboken, ikamuua mwanamke aliyekuwa jukwaani na kujeruhi zaidi ya 100. Dereva naye akaja kugundulika baadaye, na ugonjwa wake ulikuwa mkali.

Sharti langu ni moja: mwajiri alipe kipimo na mashine ya tiba, ile ya barakoa inayosukuma hewa kooni ukiwa umelala. Haya, karibuni.

Mzee wa I-80

Mleta mada, mada ni ya malori na mifano yako yote ni ya treni. Ngoja nikupe ya lori. Juni 2009, barabara ya I-44 karibu na mji wa Miami, Oklahoma. Magari yamesimama kwenye foleni, semi ikaja kwa kilomita 111 kwa saa, haikugusa breki. Watu 10 wakafa. Dereva alikuwa na miaka 76. Wachunguzi wa ajali wa serikali, NTSB, walikuta kweli ana ugonjwa huo, lakini kiwango kidogo! Walichotaja pamoja nao ni kwamba hakulala vya kutosha na zamu yake ilikuwa ya kuanza saa 9 usiku. Sasa niambie, huyo angenaswa na hiyo 15 yako?

Kinachotumaliza sisi ni ratiba. Unafika ghala saa 12 asubuhi, unaambiwa subiri mlango. Unasubiri mpaka adhuhuri, hulali kwa sababu wanaweza kukuita muda wowote, na yale masaa 14 ya zamu unayoruhusiwa yanakimbia tu. Ukishapakuliwa ndiyo unaanza kukimbiza maili, maana unalipwa kwa maili. Usiku unaegesha kwenye njia ya kutokea barabara kuu kwa sababu stendi za malori zimejaa. Kunipima shingo ni rahisi kuliko kumbana mwenye ghala. Ndiyo maana wanaanza na shingo.

Halafu hiyo mashine inatuma taarifa zako yenyewe. Wanataka uivae angalau saa 4, usiku 70 kati ya 100. Nikienda likizo Kitui na umeme ukatike, nije nimweleze daktari wa Nebraska habari za transfoma ya kijijini kwetu?

Kijana wa Mbagala

Nimekoroma tangu bweni Form One, walikuwa wananirushia viatu. Leo naitwa mgonjwa?

Mama Neema, Columbus

Mdogo wangu, koroma peke yake si kesi. Cha kutisha ni pale mtu anapokoroma halafu akanyamaza. Mimi ni muuguzi, na hata hivyo kwa mume wangu ilinichukua muda kuelewa ninachosikia. Nilikuwa namtikisa bega ili apumue. Na yeye ni dereva, yaani wiki nzima analala peke yake nyuma ya kiti, hakuna wa kumtikisa wala wa kumwambia. Nyinyi mnaosema "mimi najijua", mnajijuaje na mmelala?

Alipimwa kwa kifaa cha kulala nacho nyumbani, kinabanwa kidoleni na kingine puani, bei yake haifiki hata robo ya kulala maabara. Mwanzo wa mashine ulikuwa vita. Barakoa ilimwachia alama usoni, akawa anaivua katikati ya usiku bila kujua. Ikabidi wambadilishie ile ya puani tu. Kwenye lori amefunga inveta, na anabeba galoni ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled) ya kutia kwenye mashine. Siku hizi akiisahau nyumbani anarudi kuichukua.

Mzee wa I-80, ya maghala uko sahihi kabisa kaka. Lakini mwenye ghala hakuziba koo la mume wangu.

Mleta mada

Shikamoo Mama Neema, umenisaidia.

Mzee, Oklahoma naijua, na ni kweli walitaja yote matatu. Futi haitamaliza uchovu wote. Ila upande wa malori kuna takwimu pia. Kampuni ya Schneider iliwapima madereva wake na kuwapa mashine bila malipo. Utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha kwamba walioambiwa waivae wakakataa kabisa walikuwa na ajali kubwa za kuzuilika mara 5 zaidi ya wenzao. Walioivaa hawakuwa tofauti na dereva mzima. Sasa sikiliza linalonikera: anayekataa anaweza kuacha kazi pale, akavuka barabara, akaajiriwa kampuni ya pili isiyojua habari zake. Ndiyo maana kampuni moja kuwa nzuri haitoshi.

Umeme wa Kitui: 70 kwa 100 maana yake usiku 9 kwa mwezi unasamehewa. Likizo ya wiki inaingia humo. Likizo ya mwezi, hapo kweli sheria iseme.

Mwenye Lori Lake

Mnabishana kama wote mna mwajiri. Mwajiri wangu ni mimi, na nikiegesha wiki mbili kusubiri majibu, benki haisubiri marejesho ya lori. Waingereza wanawabana madereva wao kwa ugonjwa huu, sawa, lakini kule mashine inatoka NHS, huduma ya afya ya serikali yao. Hapa bima yangu nanunua mwenyewe, ya bei ya chini, na kipimo cha usingizi kinaniangukia karibu chote.

Mleta mada

Mkuu, madaktari wale wa 2016 hawakusema uegeshe. Walipendekeza kadi ya muda ya siku 90, unaendelea na kazi huku unapimwa.

Mwenye Lori Lake

Siku 90 nimezikubali. Nimeuliza pesa.