MJADALA: Tununue mashine ya kutembeza waliovunjika uti wa mgongo, au kwanza tuwapime?

Fizio wa Majengo, Moshi

Wakuu habari za jioni. Kuna zogo limeanza huku kwetu, ndugu zetu wa Arusha wanataka tuchangishane halafu tutafute na wafadhili, tulete ile mashine ya kutembeza waliovunjika uti wa mgongo, ile mgonjwa anafungwa mikanda ananing'inizwa, roboti inashika miguu inaitembeza juu ya mkanda unaozunguka. Video imeingia kila grupu na kila aliyeiona anasema huyu angekuwa mdogo wangu. Mi nasema bado, tusinunue. Tupime kwanza watu tulio nao, na naeleza kwa nini, mkimaliza kusoma mnirushie mawe.

Wanaoumia huku tunawajua. Utafiti wa wagonjwa waliopita hospitali ya KCMC hapa Moshi kati ya 2010 na 2014 ulikuta karibu nusu waliumia kwa kuanguka, halafu ndo zikafuata ajali za barabarani. Ni mtu kapanda mti kukata majani ya ng'ombe tawi likaachia, ni fundi kadondoka jukwaani, ni boda. Sasa wengi wanaonifikia mimi, na wanatoka hospitali mbalimbali, wanakuja na mkanda wa mgongo, karatasi ya dawa na maneno "mkafanye mazoezi". Ukiuliza alikuwa na maksi ngapi za nguvu na hisia siku ya kwanza na ngapi siku anaruhusiwa, ndugu wanatazamana.

Kipimo chenyewe kipo, tunakiita ASIA, kinatumika dunia nzima. Misuli 10 kila upande, mitano mkono mitano mguu, kila mmoja unapewa 0 mpaka 5. Moja maana yake unausikia msuli unatikisika chini ya kidole chako lakini kiungo hakiendi popote, tatu anainua kiungo kushinda uzito wake chenyewe, tano mzima. Jumla 100. Halafu pamba na pini, sehemu 28 za ngozi kila upande, kafumba macho anakwambia hapa inachoma, hapa naona butu tu. Halafu inakuja sehemu inayokimbiwa: unavaa glavu, unaingiza kidole njia ya haja kubwa, unamwambia bana kama unazuia choo. Ndugu wananuna, daktari kijana anaona aibu, anaandika "amepooza kabisa" anasogea kitanda kingine. Na pale ndo penye jibu, maana neva za pale zinatoka mwisho kabisa wa uti, kukiwa na hisia au kubana hata kidogo basi kuna waya haujakatika na huyo mtu sio A. A ni hakuna kitu mpaka huko chini, B hisia zipo nguvu hakuna, C na D nguvu zipo kwa viwango, E karudi kawaida.

Gharama yake ni glavu, pamba, pini, na muda wa mtu aliyefundishwa akafundishika.

Mnauliza karatasi ya maksi itamtembeza nani? Haimtembezi mtu, inawazuia msiibiwe. Mwili huwa unajirudisha wenyewe kwa kiasi, hasa miezi ya mwanzo, na wale wa C na D wengi wanatembea tena. Kwa hiyo mtu akipelekwa India mwezi wa tatu baada ya kuumia akarudi anasimama, sifa kwa India. Akisuguliwa mafuta na mzee wa kijijini, sifa kwa mafuta. 2011 tuliona watu wanatolewa wodini wanapelekwa Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, nani alipimwa kabla na baada? Wenzetu Marekani na Kanada walipima. 2006 walitoa majibu ya watu 146 walioumia karibuni, kundi moja likaning'inizwa juu ya mkanda, miguu inashikwa na wahudumu, kundi la pili likafanya mazoezi ya kutembea sakafuni kama tunavyofanya siku zote. Tofauti ya maana haikuonekana. Haikuwa roboti, najua mtasema, lakini wazo ni lile lile na mashine ya roboti bei yake ni nyingine kabisa.

Chalii wa Kijenge

Sista heshima yako, ila nyie wataalamu mna tabia ya kutuambia bado, bado, mpaka mtu anazikwa. Mwaka 2023 yule Mholanzi Gert-Jan Oskam wamemuwekea vifaa kichwani na mgongoni, anafikiria kutembea na miguu inaenda, alikuwa kaumia tangu 2011! Rob Summers wa Marekani gari lilimgonga 2006, wakampandikizia kifaa cha umeme mgongoni akasimama. Sasa sisi tukae na pamba na pini? Halafu hujagusa jambo moja, mgonjwa mkubwa kumsimamisha tu mnahitaji watu watatu, na hao watatu mnao? Mashine haichoki, haiumwi mgongo. Tukiinunua mafunzo yatakuja nayo, wafadhili hawatoi hela ya karatasi bana, wanatoa hela ya kitu cha kupiga picha.

Fizio wa Majengo, Moshi

Hiyo ya watu watatu umenikamata, ni kweli na hakuna anayetaka kuisikia. Ya picha pia kweli kwa bahati mbaya.

Ila huyo Summers umemleta mwenyewe, asante. Kabla hawajampasua walimtembeza juu ya mkanda mara 170, miezi 26, wanampima, na vipimo havikusogea. Ndo maana kifaa kilipowashwa akasimama, dunia nzima ikaamini ni umeme, maana mkanda peke yake ulishajaribiwa ukashindwa. Sasa soma hiyo habari tena uniambie unataka kununua nini, kile kilichomsimamisha au kile kilichoshindwa?

Na hata hao wa umeme, wagonjwa wanne waliotangazwa Louisville, Marekani, 2018, waliofika kutembea sakafuni ni wawili. Mmoja ilimchukua mafunzo 278 ndani ya wiki 85, na kati ya wale wanne mmoja nyonga ilivunjika mazoezini, mjue mifupa ya mtu aliyelala muda mrefu inakuwa dhaifu. Ukizima kifaa hatua zinaisha. Sisemi ni uongo, mi nafurahi sana kuona, tena inathibitisha kitu ambacho mtafiti Milan Dimitrijevic na wenzake wa Houston walikisema miaka ya 1980: walibandika vinasa umeme juu ya misuli ya watu walioandikiwa wamepooza kabisa, wakawaambia jaribu kusogeza, mguu haukusogea lakini kwa baadhi yao umeme ulibadilika. Yaani amri ya ubongo ilikuwa inapenya, dhaifu. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi hata kidogo, na sisi hata hilo jicho hatujalitumia vizuri.

Mzee wa Kitimwendo, Arusha

Nimewasoma wote wanangu. Mimi ninakaa kwenye kiti tangu mlipokuwa shule, niliangukiwa na mwamba Mererani nikiwa mwanaapolo, mchimba madini, kwa hiyo nisamehewe nikisema mnabishana juu ya miguu yangu bila kuniuliza.

Binti, hicho kipimo chako nilifanyiwa, mpaka kidole. Nikaandikiwa A. Toka siku ile kila nikienda mazoezi mtu anafungua faili anaona ile herufi, ananipita. Herufi moja ikageuka hukumu. Sasa unapotaka kila mtu apewe herufi, umefikiria watakaopewa A?

Na kijana wa Kijenge, Christopher Reeve alikuwa mwigizaji mkubwa Marekani, alianguka na farasi 1995, hela anayo, mashine anazo, wataalamu wanalala kwake. Baada ya miaka mitano kidole cha mkono kikaanza kucheza na walimpima wakakuta katoka A. Ajabu kubwa. 2004 akafariki, na wakati ule alikuwa anatibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia vijidudu. Kidonda cha kulalia. Mimi nataka godoro la kukalia linalofaa, mipira ya mkojo isiyorudiwa rudiwa, na kiti kinachopita njia za Ngarenaro, na hapo Moshi tuna chuo cha TATCOT tangu 1981 wanafundisha mafundi wa mambo haya. Hilo mbona hamchangishani?

Fizio wa Majengo, Moshi

Shikamoo mzee. Hilo la herufi kugeuka hukumu nakubaliana nalo na ndo maana nasema maksi, sio herufi, na kupimwa tena na tena, sio mara moja. Siku tatu za kwanza mwili uko kwenye mshtuko, kipimo cha siku hiyo hakiwezi kumfunga mtu maisha. Halafu kuna kipimo kingine, SCIM, 0 mpaka 100, hakiulizi msuli, kinauliza unakula mwenyewe? unavaa? mkojo unautoaje? unahama kitandani kwenda kwenye kiti bila kushikwa? Mtu wa A anaweza kupanda maksi nyingi sana hapo, na hizo ndo zingedai godoro lako na mipira yako mbele ya bima na mbele ya hao wafadhili wa Chalii.

Na kama lazima iwe mashine, mi ningeangalia za mikono. Ile ARC-EX, kifaa cha umeme cha kubandika shingoni bila upasuaji, ilijaribiwa kwa watu 60 ambao bado walikuwa na hisia au nguvu kidogo, majibu yakatoka 2024, asilimia 72 walipata nafuu kwenye nguvu ya mkono na kwenye matumizi pia, na Marekani waliiruhusu Desemba mwaka ule ule. Mtu aliyevunjika shingo muulize anataka nini, wengi watakwambia mikono kabla ya miguu.

Chalii wa Kijenge

Mzee shikamoo, nimekusikia. Ila mchango wa mashine sijautoa moyoni, nasema wazi. Hivi havifanyiki vyote?

Mama wa Kibosho

Samahani naingilia. Mwanangu alidondoka mtini, huu ni mwezi wa saba tangu aumie. Nikimwogesha maji ya baridi kidole kikubwa cha mguu kinaruka. Jirani anasema ameanza kupona. Nimshukuru Mungu au?

Fizio wa Majengo, Moshi

Mama pole sana. Kuruka kwa maji ya baridi mara nyingi ni uti unajibu wenyewe chini ya pale palipoumia, bila ubongo kuamuru, kwa hiyo usiseme anapona bado. Fanya hivi: mfunike miguu ipate joto, mguu usiguswe kabisa, yeye aangalie dari. Mwambie "kunja kidole", subiri, mwambie "acha". Rudia mara kadhaa, mguu mmoja mmoja, wakati mwingine nyamaza usimwambie kitu uone kama kinaruka chenyewe. Kikikunja ukisema na kikaacha ukisema, rekodi video, andika tarehe, na ukienda kliniki omba apimwe yote, mpaka ile sehemu ya kidole, wakikataa waulize kwa nini. Kisipotii, bado omba apimwe. Na usiku mgeuzeni kila masaa mawili.